Kwa waongozaji wapya: siku moja ya treni kati ya Arusha na Moshi

Ukikabidhiwa wageni wanaotaka kupanda treni ya reli ya zamani na kuona mabaki ya utawala wa Mjerumani, usianzie stesheni. Anzia Old Moshi, mlimani juu ya mji wa Moshi, asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaifunika Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mpangilio wa siku ndio utakaoamua mgeni ataelewa nini, na siku iliyoanza kwa kusifia injini ni vigumu kuigeuza baadaye.

Old Moshi ndipo alipotawala Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa hapo. Mwaka 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Mwaka huohuo, 1893, ujenzi wa reli ulikuwa umeanza Tanga. Taja mambo hayo mawili kwa pamoja. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa hapo Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na ukoo wake umeendelea kukitafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Sehemu hii usiisimulie wewe kama yupo mzee wa pale wa kuisimulia. Kazi yako ni kutafsiri bila kulainisha maneno, na malipo yake yaingie kwenye bei ya safari tangu mwanzo. Asiachwe kungojea bakshishi.

Kutoka hapo mshuke barabarani hadi Arusha. Boma, ngome ya Wajerumani, lilijengwa mwaka 1900 kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru. Leo ni makumbusho. Saa moja inatosha.

Halafu treni. Chagueni siku ambayo inaondoka Arusha mchana, na mthibitishe kwa stesheni masta siku iliyotangulia, maana ratiba hubadilika. Waketisheni wageni upande wa kushoto wa behewa ili waone Meru kisha Kilimanjaro, lakini msiwaahidi kilele. Mchana hujificha mara nyingi. Bebeni maji na chakula. Ikichelewa, msijaze muda kwa hadithi za kubuni. Tumieni saa hiyo kuwaeleza mambo msiyoweza kuyasema kwa haraka: kwamba kampuni binafsi iliyoanza kujenga iliishiwa fedha baada ya kufika Muheza mwaka 1896, serikali ya kikoloni ikaichukua reli mwaka 1899, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Haikupanda mlimani. Ilikomea tambarare, na mji ukahamia huko. Ndiyo maana kule juu kunaitwa Old Moshi. Kipande mnachosafiria nyinyi ni cha Waingereza, kilifika Arusha mwaka 1929. Semeni hivyo waziwazi, maana wapo wanaouza safari hii yote kama reli ya Mjerumani.

Swali litakuja, na mara nyingi huja kwa upole: "Lakini si waliwaachia reli?" Msikasirike, wala msicheke kumridhisha mgeni. Jibuni kwa mambo yenyewe. Reli ilijengwa kubeba mazao ya mashamba ya walowezi hadi bandari ya Tanga. Novemba 1914 ilibeba askari kutoka Moshi kwenda kupigana na Waingereza Tanga. Lakini msiishie hapo, kwa sababu habari yetu haiishii kwenye kuonewa. Wachagga waliikuta reli wakaitumia: mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa. Mkishuka Moshi, wapelekeni kwenye jengo la KNCU hata kama jua limeshazama. Mimi naona ndicho kituo muhimu kuliko vyote baada ya Old Moshi, na ndicho kinachorukwa zaidi.

Kuhusu picha: hii ni treni ya abiria. Huduma ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha 2020 baada ya miaka mingi ya ukimya, na watu wanaipanda kwa shughuli zao. Mama mwenye magunia na mtoto amlalaye mapajani hajaja kuonyeshwa kwa wageni. Aombwe kwanza, kwa Kiswahili na salamu kamili, na akikataa kamera ishuke. Stesheni na madaraja pia yanahitaji ruhusa, na kuiomba ni kazi yenu waongozaji, si ya mgeni.