Sumu ya pareto huanzia kwenye shina unalopanda

Msimu wangu wa kwanza wa pareto, ua linalotoa sumu ya kuulia wadudu, huku Umalila mkoani Mbeya nilichuma mbegu kwenye shamba lililokuwa jeupe pe kwa maua. Nikapalilia, mvua ikaja kwa wakati wake. Nilipopeleka mzigo kwa mnunuzi, kipimo kikaonyesha sumu kidogo, na bei ikafuata kipimo. Jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, udongo uleule, alilipwa zaidi yangu kwa kilo.

Nililaumu mbolea bure. Sumu hiyo, piretrini, hutengenezwa na vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kikemia ndani ya mmea, na kila kimeng'enya huongozwa na jeni yake, maelekezo ya urithi. Jeni nazo zina koo. Zamani sana, katika ukoo unaohudumia kazi za kawaida za kila mmea, jeni moja ilijirudufu. Nakala moja ilibaki na kazi ya nyumbani. Nyingine ikajifunza kuunganisha malighafi kwa namna mpya, na hapo ndipo inapoanzia nusu moja ya piretrini. Nusu ya pili hutokana na mafuta ya mmea. Anayeziunganisha ni kimeng'enya cha ukoo wa lipesi, ambao wengi wao ni wavunja mafuta! Hili hunistaajabisha hadi leo.

Artemisia, ndugu wa pareto, huchukua zao la ile nakala iliyobaki nyumbani na kulifikisha kwenye artemisinini, dawa ya malaria iliyompa mwanasayansi wa China, Tu Youyou, tuzo ya Nobel mwaka 2015. Piretrini nayo imo kwenye dawa za chawa.

Sasa shambani. Pareto huhitaji chavua ya shina jingine, kwa hiyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya wa jeni, na uzuri wa ua haukuambii lina sumu kiasi gani. Shina lililogawanywa hubaki na jeni zilezile za mama yake. Omba vipande kwa mtu ambaye maua yake yamepimwa yakafaulu, uvipande mvua zinapoanza. Mimi nilimwendea jirani yuleyule, akanipa bila kinyongo.

Kuchuma nako kuna wakati wake. Sumu nyingi imo kwenye vijimbegu vilivyo chini ya ile sehemu ya njano, si kwenye petali nyeupe. Subiri petali zilale bapa na vijiua vingi vya njano viwe vimefunguka. Usichume na kikonyo. Kinaongeza uzito tu na kushusha kipimo. Na maua mabichi yasilale kwenye gunia hata usiku mmoja, yatapata joto na kuharibika. Yatandaze membamba jioni ileile, hata kama umechoka.