Klipu za chujio hufuata kina

Ndugu, umeuliza kama klipu zinazoshikilia chujio la hewa la inchi 2 kwenye fremu ya mtambo wa hewa zitashika la inchi 4, na ufanye nini kuhusu kutu. Hapana, hazitashika, hata fremu ikiwa ni ile ile. Klipu huchaguliwa kwa kina, yaani unene wa chujio. Upana na urefu ni shauri la fremu. Na usiamini kibandiko, pima kwa rula: linaloitwa la inchi 2 kwa kawaida lina inchi 1¾ tu, kama milimita 44. Likiwa chujio la mifuko lenye ukingo mbele, pima unene wa ukingo wenyewe, maana klipu hukamata hapo.

Ukishafunga, angalia gasketi, ule ukanda laini wa kuziba, imebonyea pande zote nne. Mimi huchomeka kipande cha karatasi kati ya chujio na fremu. Kikiteleza bila kukwama, basi vumbi nalo litapita hapo hapo. Kama chujio linapachikwa upande wa nyuma wa fremu, kule hewa inakoelekea, hewa hulisukuma litoke kwenye fremu, kwa hiyo klipu za viwaya vyembamba hazifai kabisa. Tafuta za kukaza kwa skrubu.

Kuhusu kutu, klipu zako ni chuma kilichopakwa zinki, na hapa pwani zinki haidumu na hewa ya chumvi. Nafunga mitambo hii Nyali na Bamburi, naziona zikimeguka mkononi. Chukua stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya aina ya 316. Ina madini ya molibdeni, huhimili chumvi kuliko ile stenlesi ya kawaida, 304. Bei iko juu, ndiyo. Ila fremu ikiwa imepinda, nyoosha hiyo kwanza kabla hujanunua chochote.