Jibu: Mnara unakufikia, lakini wewe unaufikia?

Mleta uzi umeuliza kama zile asilimia za mtandao wa kasi tunazosomewa ni za kweli au za kupikwa, maana uko Makangale na simu inaganda hata kwa kufungua picha. Mimi nina kibanda cha steshenari hapa Konde, nawajazia vijana maombi ya mkopo na ya vyuo, kwa hiyo tabu hii naijua mpaka mfukoni.

Yakhe, sidhani kama zimepikwa. Tazama kwanza kinachohesabiwa. Asilimia ya "kufikiwa na mtandao", kwa kipimo cha ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ni watu wanaoishi ndani ya eneo la mawimbi, wawe na laini wasiwe nayo. Basi. Bibi mwenye kitochi chake naye yumo kwenye 4G. Ni sawa na kuhesabu mabomba ya kijiji bila kufungua hata moja.

Na hilo eneo mara nyingi hukadiriwa kwa kompyuta: urefu wa mnara, nguvu yake, sura ya ardhi. Pemba hii ni vilima na mabonde tu. Juu kilimani mtandao unashika vizuri, ukiteremka bondeni kwenye mikarafuu simu inaandika E, yaani mtandao wa zamani wa polepole. Na hapo hujaingia ndani ya nyumba ya bati.

Lakini kinachotutesa zaidi hapa kibandani ni kupandisha faili, na hilo watu hawalisemi. Mnara una nguvu, mawimbi yake yanafika mbali; simu yako nguvu yake ni ndogo mno, na ndiyo inayotakiwa ijibu. Vile vijiti vinaonyesha unavyousikia mnara, havionyeshi mnara unavyokusikia wewe. Kijana anakuja na cheti cha kuzaliwa, namskania. Video kwenye simu yake inacheza, lakini cheti kinapanda, kinafika karibu na mwisho, kinazunguka, halafu ukurasa unamtoa nje. Tunaanza tena: jina la baba, shehia, namba ya mtihani. Siku hizi nalipunguza faili kwanza, naiweka simu juu ya fremu ya dirisha linalotazama mnara, nawasha hotspoti, ndipo linapita. Ikiwa ni baada ya Isha, kila mtu yuko mtandaoni na mnara ni huo huo mmoja, namwambia arudi alfajiri.

Kuna na hesabu ya laini, nayo huchanganywa na ya watu. Mwisho wa 2024 laini za simu nchini zilizidi milioni 80, na sensa ya 2022 ilitupata milioni 61.7, watoto wachanga ndani yake. Mwenye laini tatu si watu watatu.

Wala si kwetu tu. Marekani kwa miaka mingi kampuni ikiweza kuunganisha nyumba moja tu katika kitongoji cha sensa, kitongoji kizima kiliandikwa kina huduma. Taarifa zilitoka kwa kampuni zenyewe. Watu walilalamika mpaka Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2020, na Novemba 2022 tume yao ya mawasiliano, FCC, ikatoa ramani ya nyumba kwa nyumba ambayo mwenye nyumba anaweza kuipinga. Hicho ndicho ningependa tukipate: pahala pa kupinga. Sasa hivi ukilalamika unaambiwa uzime simu uwashe.

Kwa hiyo ukiletewa asilimia, uliza ni ya watu au ya laini, ya nje au ya ndani ya nyumba, na nani kaipima. Na wewe usituandikie "mtandao mbovu", hayo hayamsaidii mtu. Pima kasi ya kushusha na ya kupandisha, ndani na uani, mchana na usiku, utuwekee hapa pamoja na jina la shehia. Za Konde nitaziweka mimi.