Nakala tano nzima, moja mbovu: kwa nini moyo unashindwa?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, sayansi ya maabara. Nimesoma kwamba binadamu ana jeni tatu, CALM1, CALM2 na CALM3, na zote hutengeneza protini ileile, kalmodulini, bila tofauti hata ya asidi amino moja (asidi amino ndizo tofali za kujengea protini). Kila jeni ina nakala mbili, jumla sita. Inakuwaje kosa kwenye nakala moja limletee mtoto ugonjwa wa moyo, ilhali tano ni nzima?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi. Mwaka 2013 watafiti walieleza habari za watoto wachanga wawili ambao mioyo yao ilisimama mara kwa mara, na kila mmoja alikuwa na nakala moja tu yenye kosa. Ili kuelewa, tazama kalmodulini inakaa wapi.

Ni protini ndogo, asidi amino 148, yenye vishikio vinne. Kila kimoja hubeba ioni moja ya kalsiamu. Seli ikiwa imetulia, kalsiamu iliyo ndani ni kidogo mno, kama mara 10,000 pungufu ya ile ya nje. Ikiingia, vishikio hujaa, protini hubadilika umbo na kuweza kukumbatia protini nyingine. Hili utaliona kwa macho yako: gawa sampuli ya kalmodulini mara mbili, moja itie kalsiamu, nyingine EGTA (kemikali inayoinyakua kalsiamu), kisha uzipitishe kwenye jeli ya SDS, ambamo protini husukumwa kwa umeme. Yenye kalsiamu itatangulia. Nawasihi wanafunzi wangu wote wafanye jaribio hili, maana aliyeiona mistari ile miwili haisahau kalmodulini.

Kwa kukumbatia huko, misuli laini ya mishipa ya damu husinyaa, na kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini huwashwa ndani ya seli T za kinga. Ndiyo hiyo kalsinyurini inayozuiwa na takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga wanayomeza waliopandikizwa figo.

Sasa moyo. Kwenye malango ya kalsiamu ya aina ya L, yaani protini za utando wa seli zinazoipitisha kalsiamu ndani, kalmodulini haisubiri kuitwa. Imeshajishikiza langoni kabla kalsiamu haijaingia, mfano wa bawabu. Lango likifunguka, huhisi kalsiamu inayopita na kulifanya lifunge. Katika kosa liitwalo D130G, asidi ya aspatiki iliyokuwa ikishika kalsiamu imebadilishwa na glisini, isiyo na chaji ya kuishikia. Bawabu huyu hukamata nafasi yake langoni kama kawaida, ila kalsiamu ikipita haihisi ipasavyo. Zile nzima, hata zikiwa nyingi, haziwezi kumwondoa mahali alipokwishakaa.

Na malango yote ya seli moja yako kwenye utando mmoja, umeme mmoja. Yakichelewa kufunga machache tu, mkondo unaoendelea kuingia huichelewesha seli nzima kurudi kwenye utulivu. Kwenye ECG, mchoro wa umeme wa moyo, unaona QT (muda tangu umeme uwashe vyumba vikuu vya moyo hadi vitulie) imerefuka, na hapo mapigo huweza kuvurugika hadi moyo kusimama.

Jambo moja la kazini: mara nyingi kosa hili huanza kwa mtoto mwenyewe, halikurithiwa. Ukipima damu ya wazazi ukakuta hawana, usiharakishe kudhani sampuli zimechanganyika.