Maswali ya Wasomaji: Majaribio ya Programu Huria za Hisabati Kabla ya Toleo Jipya

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu kazi moja, nayo ni kuzijaribu programu huria za hisabati katika zile wiki ambazo toleo jipya limekwisha kufungwa kwa nyongeza lakini bado halijatangazwa rasmi. Baadhi ya maswali yamefupishwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipakua toleo la majaribio la programu huria ya aljebra, nikaliunda kutoka kwenye msimbo chanzo wake, kisha nikaendesha majaribio yote yaliyokuja nalo. Karibu yote yalipita, lakini machache yalifeli kwa sababu tu tarakimu ya mwisho ilitofautiana na iliyotarajiwa. Je, hiyo ni hitilafu ya kuripoti, au ni kompyuta yangu yenye kasoro? – Mwanafunzi wa hisabati

JIBU: Yawezekana si moja wala nyingine. Kompyuta nyingi huhifadhi namba za desimali kwa kufuata kiwango cha IEEE 754, kilichotolewa mwaka 1985, ambacho huipa namba ya biti 64 usahihi wa tarakimu 15 hadi 17 hivi. Namba ya kawaida kabisa kama 0.1 haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu katika kizio cha mbili, kwa hiyo inayohifadhiwa ni jirani yake wa karibu. Fungua Python, lugha ya kuandikia programu, ujionee: ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwanza, halafu ukaongeza 0.3, utapata 0.6000000000000001, ukijumlisha 0.2 na 0.3 kwanza, halafu ukaongeza 0.1, utapata 0.6. Majibu yote mawili yamefuata kanuni. Sasa fikiria maktaba ya hesabu za matriksi kama OpenBLAS, ambayo hupanga namna ya kujumlisha kulingana na aina ya prosesa inayoikuta. Hakuna sababu ya kutegemea kwamba tarakimu ya kumi na sita itafanana katika mashine mbili tofauti.

Ndiyo maana waandishi wa majaribio huweka kiwango cha tofauti inayovumilika. Katika SageMath, programu huria ya hisabati, kwa mfano, mwandishi huongeza alama ya «abs tol» au «rel tol» kando ya mfano na kutaja kiasi. Alama ya kwanza hupima tofauti yenyewe na ya pili huipima kwa kulinganisha na ukubwa wa jibu, na kuzichanganya ni kosa linaloonekana mara nyingi mno. Jibu linalotarajiwa likiwa 1000000, tofauti ya 0.0001 haina uzito wowote; likiwa 0.00001, tofauti hiyohiyo ni kubwa mara kumi kuliko jibu lenyewe, na jaribio litapita hata kama programu imerudisha sifuri.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni tabia ya kupanua kiwango hicho kidogo kidogo mpaka jaribio likubali kupita, hasa toleo likiwa limekaribia na kila mtu amechoka. Kiwango kinapaswa kutokana na hesabu. Chukua matriksi ya Hilbert yenye safu kumi na nguzo kumi, ambayo kila kipengele chake ni 1 ikigawanywa kwa (i + j − 1), i ikiwa namba ya safu na j ya nguzo. Kipimo chake cha wepesi wa kukuza makosa ni takriban 1.6 × 10¹³, maana yake ukitatua milinganyo kwa matriksi hiyo unaweza kupoteza tarakimu kumi na tatu hivi na kubaki na mbili au tatu tu za kuaminika. Jaribio linalotumia matriksi ya namna hiyo likitofautiana katika tarakimu ya tano, mwenye lawama ni aliyelichagua. Tofauti hiyohiyo ikijitokeza kwenye matriksi tulivu, kuna jambo limeharibika, na kupanua kiwango ni kulizika.

Vilevile kuna tofauti zinazoonekana kubwa lakini si kitu. Ukiomba vekta eigen za matriksi (zile ambazo matriksi ikizizidisha hubaki kwenye mstari uleule, zikiwa zimezidishwa tu kwa namba iitwayo thamani eigen), mashine moja inaweza kukupa vekta v na nyingine ikakupa −v, na zote ni sahihi. Jaribio zuri halilinganishi vekta na maandishi yaliyohifadhiwa. Huzidisha matriksi kwa vekta iliyopatikana, kisha huangalia kama matokeo ni ileile vekta ikiwa imezidishwa kwa thamani yake eigen.

Kwa hiyo ripoti, ndugu msomaji, lakini taja aina ya prosesa, mfumo endeshi na toleo la kompaila (programu inayogeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoendeshwa), kisha bandika jibu lililotarajiwa na ulilolipata vikiwa pamoja.

SWALI: Tunawezaje kulijaribu jibu ambalo hakuna anayelijua? Programu hizi hutumika kukokotoa mambo mapya. Jaribio linalofananisha jibu la leo na la jana litatuambia tu kwamba programu haijabadilika, wala halitatuambia kwamba ni sahihi. – Mhandisi wa programu

JIBU: Umegusa penyewe, na ningependa kila anayeandika majaribio aanze na swali hili. Jibu la hisabati, hata lisipojulikana, lina sifa zinazojulikana. Polinomia ikiisha kugawanywa katika vigawe vyake, vizidishe vigawe hivyo uone kama polinomia ya awali inarudi. Integrali isiyo na mipaka ikipatikana, itafutie kinyambuo. Determinanti ya zao la matriksi mbili lazima iwe sawa na zao la determinanti zake. Majaribio ya aina hii yanaweza kuendeshwa kwa data za kubahatisha kwa maelfu, na hayahitaji mtu ajue jibu hata moja.

Hata hivyo, kurudisha polinomia ya awali hakuthibitishi kwamba vigawe vyenyewe haviwezi kugawanyika zaidi. Kwa hiyo ongeza mifano migumu yenye jibu lililothibitishwa. Kwa vigawe vya namba nzima napenda 2⁶⁷ − 1, ambayo mwanahisabati Mersenne aliiorodhesha mwaka 1644 kuwa ni namba tasa, hadi mwenzake Lucas alipoonyesha mwaka 1876 kwamba si tasa bila kuvitaja vigawe vyake. Cole alivitaja mwaka 1903: 193707721 na 761838257287. Kwa kipimo cha namba tasa, tumia 3215031751. Namba hii si tasa, lakini hukipita kipimo cha Miller na Rabin, ambacho huijaribu namba kwa misingi kadhaa iliyochaguliwa, kwa misingi ya 2, 3, 5 na 7, kwa hiyo huinasa haraka programu iliyoishia kwenye misingi hiyo minne. Mipaka ya hifadhi nayo isisahaulike: mraba wa 46340 unaingia katika namba nzima ya biti 32 yenye ishara, lakini mraba wa 46341 hauingii, na programu iliyoandikwa kwa uzembe inaweza kurudisha namba hasi pale pasipo na hasi.

Njia nyingine ni kulinganisha programu mbili, na hapa lazima uangalie asili zake. SageMath hutumia PARI, programu nyingine huria, ndani yake kwa sehemu kubwa ya nadharia ya namba, kwa hiyo kuilinganisha na PARI katika hesabu hizo ni kumuuliza shahidi yuleyule mara mbili. Soma kwanza ni maktaba gani inayofanya kazi chini ya kila moja.

Ni kweli pia kwamba jibu la kushangaza si lazima liwe kosa. Wanahisabati David na Jonathan Borwein walionyesha mwaka 2001 mfululizo wa integrali kutoka sifuri hadi ukomo: ya kwanza ni ya sin(x)/x, na kila inayofuata huongeza kigawe cha sura hiyohiyo, x ikigawanywa kwa 3, kisha 5, kisha 7, na kuendelea. Jibu ni π/2 kila mara, hadi kigawe cha 13. Ukiongeza cha 15, jibu hupungua chini ya π/2 kwa takriban 2.3 × 10⁻¹¹. Mjaribu asiyejua angeapa kwamba programu imekosea, au, kibaya zaidi, angelipa jaribio kiwango cha 10⁻¹⁰ na kuifanya tofauti ya kweli isionekane. Sababu yake ni kwamba 1/3 + 1/5 na kuendelea hadi 1/13 haifiki 1, na 1/15 ndiyo inayoivusha.

SWALI: Jaribio moja hufeli leo, kesho likapita, bila mimi kugusa chochote. Wenzangu wananiambia nilipuuze. – Msomaji

JIBU: Usilipuuze. Hesabu nyingi hutumia namba za kubahatisha zinazoanzia kwenye namba moja ya awali, iitwayo mbegu. Mbegu ikiandikwa kwenye ripoti ya jaribio, yeyote anaweza kurudia tukio lile lile. Isipoandikwa, hilo ndilo la kurekebisha kwanza. Mbegu ileile ikileta matokeo tofauti, badilisha mpangilio wa majaribio na uyaendeshe kwa uzi mmoja tu (yaani bila kazi mbili kwenda kwa wakati mmoja), kwa sababu huenda jaribio moja limeacha kitu kwenye kumbukumbu ambacho linalofuata linakitegemea. Likiendelea bado, na sehemu ya programu imeandikwa kwa lugha ya C, Valgrind, chombo cha kuchunguza matumizi ya kumbukumbu, itakuonyesha kama inasoma kumbukumbu ambayo haijajazwa.

SWALI: Toleo lililopita lilitoa jibu sahihi na hili jipya linakosea. Katikati kuna mabadiliko zaidi ya elfu moja. Nianzie wapi? – Mchangiaji mpya

JIBU: Anza kwa kuufupisha mfano wako hadi mistari miwili au mitatu inayokosea bila kutegemea faili nyingine yoyote. Kisha tumia «git bisect», amri ya Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo: iambie toleo lililo zima na lililoharibika, nayo itakupeleka katikati, kisha katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Mabadiliko elfu moja yanahitaji hatua kumi hivi. Ukitua mahali ambapo programu haiundiki, tumia amri ya kuruka. Badiliko lililopatikana si lazima liwe lenye kosa. Mara nyingine limefungua tu njia iliyokuwa haipitwi, na kosa lenyewe lina umri wa miaka.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa hisabati, sijui kuandika programu. Nina la kuchangia? – Mwalimu

JIBU: Unalo, Mwalimu, na pengine kubwa kuliko unavyodhani, kwa kuwa wewe unajua jibu linapaswa kufanana na nini. Thomas Nicely alikuwa mwanahisabati aliyekuwa akijumlisha vinyume vya namba tasa pacha (jozi zinazotofautiana kwa 2, kama 11 na 13) alipoona mwaka 1994 kwamba jumla zake hazikubaliani. Hakukimbilia kumlaumu mtengenezaji wa prosesa. Aliondoa kwanza uwezekano wa kosa katika programu yake, katika kompaila na katika sehemu nyingine za kompyuta, na ndipo alipowaandikia Intel kwamba prosesa ya Pentium inakosea kugawanya. Mtu yeyote angeweza kuhakiki: 4195835 ikigawanywa kwa 3145727 ni 1.33382 na zaidi, ilhali prosesa zenye kasoro zilitoa 1.33373 na zaidi. Gharama waliyoitangaza Intel ilikuwa dola milioni 475.

Fanya kama yeye. Pakua toleo la majaribio, liulize maswali unayowauliza wanafunzi wako, hasa yale ya mtego. Je, inarahisisha kipeuo cha pili cha x² kuwa x bila kuuliza kama x ni chanya? SymPy, maktaba ya aljebra ya Python, hukiacha kama kilivyo hadi uieleze, na ndivyo inavyostahili. Ukipata kosa, andika amri ulizoziingiza neno kwa neno, jibu ulilopewa, na kwa nini si sahihi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana katika ripoti nyingi.

SWALI: Ni hitilafu ipi inayopaswa kuzuia toleo lisitoke? – Msimamizi wa mradi

JIBU: Miradi hutofautiana, ila mimi naweka mbele jibu lisilo sahihi linalotolewa kimya kimya, hata kama linawahusu watumiaji wachache. Programu ikizimika, mtumiaji anajua hana jibu; ikikosea kimya, jibu hilo litaingia kwenye makala ya mtu. Kama hakuna muda wa kurekebisha kwa uangalifu, ifanye sehemu hiyo itoe ujumbe wa kosa badala ya jibu, uandike hivyo kwenye maelezo ya toleo, na urekebishaji kamili usubiri toleo lijalo. Marekebisho yanayoingizwa usiku wa kuamkia toleo, yakiwa yameendeshwa kwenye kompyuta ya mwandishi wake pekee, yanahitaji toleo jingine la majaribio, hata kama tarehe ilikwisha kutangazwa.