Kabla hujawekeza Amu, hesabu mikono

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Ana mtaji wa kiwanda cha barafu cha tani 5 kwa siku. Ameiona Amu, yaani mji wa Lamu ulio kisiwani, ikifurika wageni mwezi Desemba, ameona wavuvi wakihangaikia barafu, naye anauliza: mji unaojulikana dunia nzima, ulioingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mbona wawekezaji wanaupita? Kila aliyemuuliza amemjibu kwa neno moja, usalama. Jibu hilo ni jepesi mno, na linaudhulumu mji.

Usalama nitaufikia. Kwanza twende gatini Mokowe, upande wa bara. Lori kutoka Mombasa husafiri zaidi ya kilomita 300, na tangu barabara ya Garsen hadi Lamu itiwe lami, shida ya matope imepungua sana. Lakini lami inaishia bara. Mfuko wa saruji unatoka lorini kuingia chomboni, unatoka chomboni hadi gatini Amu, unatoka gatini hadi mgongoni mwa punda, kisha unashushwa kiwanjani. Hiyo ni mikono minne, na kila mkono unalipwa. Tuseme kwa mfano kila mkono ni shilingi 30 kwa mfuko: mifuko 600 inakula shilingi 72,000 kabla hujalipa nauli ya chombo na kabla hujahesabu iliyopasuka au kurushiwa maji ya chumvi. Bei halisi waulize mahamali wenyewe, na uwaulize pia maji yakipwa inakuwaje, kwa sababu chombo kilicho chini ya gati kinachelewesha kazi, na kuchelewa nako kunalipiwa.

Mgeni anaipenda Amu kwa sababu hakuna gari linalopita vichochoroni. Gharama yako inatoka papo hapo. Hakuna waziri atakayevitenganisha vitu hivi viwili bila kuuvunja mji, na anayekuja na ndoto ya kupanua mitaa ili lori lipite, namwomba apeleke mtaji wake kwingine.

Majengo nayo yana masharti yake. Nyumba kongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake inabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba havifiki mita 3. Huwezi kuweka ghala la baridi humo, wala karakana. Ukitaka kubadilisha ukuta, unahitaji idhini ya kaunti na ya Makumbusho ya Taifa. Wengi huona idhini hiyo ni usumbufu, wakapiga plasta ya saruji usiku usiku. Saruji inafungia unyevu ndani ya tumbawe, chumvi inasukuma kutoka ndani, plasta inavimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza. Chokaa inapumua. Ikaushe polepole, uinyunyizie maji, usiikimbize.

Kwenye umiliki ndiko pesa nyingi zinakozama, na hapa naomba usome mara mbili. Nyumba ya Amu mara nyingi ni ya warithi. Mmoja yuko mjini, wawili Mombasa, mwingine Muscat, na anayekuonyesha nyumba ni yule aliye karibu tu. Kabla ya kutoa arubuni, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Dai hati ya Mahakama ya Kadhi inayotaja warithi wote na mafungu yao. Uliza kama nyumba ni wakfu. Ikiwa ni wakfu, funga daftari uondoke, mali hiyo haiuzwi kama mali ya mtu. Kila mrithi atie sahihi, na aliye ng'ambo atume wakala kwa hati iliyothibitishwa na wakili. Mrithi mmoja aliyeachwa nje anatosha kukupeleka mahakamani miaka na miaka. Na kama wewe si raia wa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inakupa ukodishaji usiozidi miaka 99.

Bara ni vigumu zaidi. Mradi wa bandari ulipozinduliwa Machi 2012, karatasi za ardhi zilikwisha kuanza kuuzwa kama njugu, na mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufutwa kwa hati za ekari takriban 500,000 zilizogawiwa kampuni 22. Wenyeji wanaolima na kuvua hapo tangu mababu ndio walioumia kwanza. Mwekezaji anayenunua karatasi bila kukanyaga shamba na kuzungumza na wazee wa kijiji anaendeleza dhuluma hiyo hiyo, kisha anashangaa anapopingwa. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari. Juni 2019 leseni ya mazingira ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu ikafutwa. Miradi yote miwili ilidharau ushirikishwaji wa umma. Watu wa Lamu wanasoma, na wanajua njia ya mahakamani.

Sasa usalama. Shambulio la Juni 2014 lilikuwa Mpeketoni, bara, na liliua zaidi ya watu 60. Mji wa Amu ulilipa kwa amri za kutotoka nje usiku na vitanda vitupu. Kwa mwekezaji jambo la kushika ni bima: bima ya kawaida ya moto haigusi ugaidi. Bima ya ugaidi hununuliwa pembeni. Pata bei yake kwa maandishi kabla ya kwenda benki.

Turudi kwenye barafu. Tani 5 zinataka zaidi ya lita 5,000 za maji matamu kila siku, na umeme wa uniti 60 hadi 80 kwa tani, yaani mpaka uniti 400. Hewa ya bahari inakula mapezi ya alumini ya kondensa, sehemu ya mashine inayotoa joto nje, basi nunua yaliyopakwa kinga na uyaoshe kwa maji matamu. Kusi ikivuma, kuanzia Mei, vyombo vidogo havitoki nje ya miamba, na hoteli nyingi nazo hufunga Mei na Juni. Wateja wako wawili wanalala msimu mmoja. Panga akiba ya mishahara ya miezi 3 bila mauzo.

Nisingekijenga mjini. Kiweke Mokowe, lori la samaki linapopakia, na katika ile mikono minne unabaki mmoja tu, wa kushusha lorini. Ila kwanza pima kisima mwishoni mwa kaskazi, Machi, kabla ya masika. Pampu saa 24 mfululizo, chukua sampuli saa ya kwanza na saa ya mwisho. Chumvi ikipanda kati ya hizo mbili, kisima hicho hakitakulisha.