Kwa Chalii Anayeanza Kushika Pedi ya Gemu

Banda letu la gemu za mpira liko Ngarenaro, Arusha, runinga nne na mabenchi mawili. Nilianza pale kama mteja wa kufungwa, sasa nalisimamia. Kila shule zinapofungwa wanaingia wageni, na karibu wote nawaona wakifanya makosa yaleyale niliyoyafanya mimi. Mtu anakaa, anachagua Real Madrid, baada ya dakika kumi ameshapigwa saba. Analipa, anatoka akilaani kwamba gemu ya kijinga. Nawaandikia nyinyi.

Kwanza sheria ya banda: anayefungwa analipa, na anapisha. Mechi moja kwetu ni shilingi 500. Kwa hiyo chalii anayejua anaweza kuingia saa nane mchana na noti yake ya elfu moja, akatoka nayo saa moja usiku haijakunjwa. Wewe mgeni ndiye unayemlipia. Usinune, hata yeye kuna watu aliwalipia. Ila usije Jumamosi mchana wakati wakali wote wamejaa. Njoo Jumanne asubuhi, banda likiwa tupu, cheza na mashine, au tafuta mgeni mwenzako mchangie nusu kwa nusu.

Kama ulijifunzia PES, ile gemu nyingine ya mpira, kwa binamu yako, jua kwamba vidole vyako vitakusaliti. Kule mraba ni shuti na duara ni krosi. Huku kwenye FIFA ni kinyume: duara ndiyo shuti, mraba ndiyo krosi. Nimeona mtu amempiga kipa chenga, goli liko wazi, akabonyeza mraba, mpira ukapaa kwenda upande wa kibendera. Banda zima lilicheka mpaka mama wa chapati akaja kuchungulia. Kuna mpangilio mbadala wa vitufe unaofanana na wa PES. Sema kabla ya mechi tukuwekee, hakuna aibu. (Naita FIFA kwa mazoea. Toleo la mwisho kubeba jina hilo lilikuwa FIFA 23, na tangu Septemba 2023 gemu inaitwa EA Sports FC. Hapa mtaani bado hujasikia mtu akisema "twende tukacheze EA".)

Sasa tuje kwenye kukaba, kwa sababu ndiko pesa zenu zinakoishia. Mgeni anajifunza kushambulia tu: chenga, kanzu, mashuti ya mbali. Mpira ukipotea anashika beki wa kati, anabana R2, kitufe cha kukimbia, anamkimbilia mwenye mpira kama anakimbiza mwizi. Yule mwenzake anageuka kidogo tu, beki anapita na upepo, na nyuma kumebaki uwanja mtupu.

Mwezi uliopita dereva bodaboda mmoja alikaa na mtoto wa darasa la saba. Mtoto kachukua Newcastle. Nilikuwa nyuma yao, nikaacha kutazama runinga nikawa natazama vidole. Dereva alikuwa anabonyeza kila kitu kwa pamoja, pedi inalia. Mtoto mkono wa kushoto umetulia kwenye L2, mchezaji wake anarudi kinyumenyume taratibu huku uso ukiutazama mpira. Mabeki wa kati hakuwagusa kabisa, aliiachia mashine iwapange. Yeye alimshika kiungo mkabaji, akasimama kwenye njia ya pasi. Dereva akakosa pa kupitisha, akapiga pasi ya kupenyeza kwa hasira, mpira ukamfikia kiungo miguuni. Pasi mbili, goli. Ikawa hivyo mara tatu, kwa njia ileile.

Kwa hiyo: mabeki wa kati waache. Kaba na kiungo. Tumia L2 kumkabili mtu, na duara, ambalo ukiwa unakaba ni la kunyang'anya, libonyeze pale anapougusa mpira ukamtoka kidogo mguuni, sio kabla. Ukishikilia R1, mashine inamtuma mwenzako wa pili akakusaidie kukaba. Ni tamu, lakini huyo aliyetumwa ameacha nafasi yake, na mpinzani mwenye macho atapiga pasi pale pale. Ukizoea hili utaacha kufungwa saba, utaanza kufungwa mbili. Hayo ni maendeleo makubwa kuliko unavyodhani.

Na R2 yenyewe punguza. Mtu anayekimbia tangu filimbi ya kwanza, wachezaji wake wanaishiwa pumzi, na mpira unamtoka mbali kila akiugusa. Hapa ndipo inapotoka ile hadithi ya "gemu inambeba". Mimi pia niliiamini. Nilikuwa naongoza, dakika ya 88 narudishiwa, ya 90 nafungwa la ushindi, naapa kwamba mashine imeamua. Wiki moja nikajitazama kwa makini: kila nilipofungwa mwishoni, mabeki wangu wa pembeni walikuwa wamekwisha kabisa na sikuwa nimefanya badiliko hata moja. Siwezi kusema hakuna siku mpira unagonga mtambaa panya mara tatu halafu kipa wako anautema mwepesi. Zipo siku hizo, na zinauma. Lakini ingiza wawili wapya dakika ya 60 kwanza, ndipo uje unilalamikie.

Kinachoniudhi mimi ni kingine. Miaka yote hii sijawahi kumchagua mchezaji wa Simba wala Yanga, kwa sababu ligi yetu haimo. Ndiyo maana Samatta alipokwenda Aston Villa Januari 2020, tukasasisha vikosi kwenye FIFA 20, machalii waligombania Villa kama ni Barcelona. Walikuwa wanafungwa vibaya, maana timu yenyewe ilikuwa ya kawaida, lakini kila mtu alitaka afunge na yule. Mmoja alimchezesha mpaka kipa, akisema Mtanzania hakai benchi.

Faida nyingine utaziona bila kuambiwa. Vijana wanaokuja hapa wanajua mtego wa kuotea na tofauti ya 4-3-3 na 4-2-3-1 kuliko baba zao wanaokwenda uwanja wa Sheikh Amri Abeid kila mechi. Na nimewahi kuona maadui wawili wa mtaa wakipatanishwa na benchi moja. Nimeona pia kinyume chake, pedi ikirushwa ukutani. Aliyeirusha aliinunua.

Kuhusu pedi: kabla ya mechi kuanza, toa vidole kwenye analogi, vile vijiti vya kumwongoza mchezaji, utazame mchezaji wako. Akitembea mwenyewe, hiyo analogi inavuta, omba nyingine. Ukingoja mpaka umefungwa ndipo useme pedi mbovu, hakuna atakayekusikiliza, hata mimi. Umeme ukikatika kipindi cha kwanza, mechi inarudiwa bure. Kipindi cha pili, matokeo yaliyopo yanahesabiwa. Ndiyo, kuna watu wakiongoza wanaombea giza.

Sare za shule haziingii. Na ukija Julai, vaa koti lenye mifuko. Baridi ya Arusha asubuhi inakausha vidole mpaka duara unaliona mbali, na wale wakali utawakuta nje kwenye jiko la mama wa chapati, wanapasha mikono kabla ya zamu yao. Nenda simama nao.